Umande wa Kuazima

Nakiete Mrutu aligundua kwamba jiko la mama yake limekwisha siku aliyoinamia sufuria ya makande, akafunua kifuniko, mvuke ukampiga usoni, na asikumbuke chochote. Mahindi na maharage yalikuwa yameiva vizuri. Kitunguu kilinukia. Zamani harufu hiyo ingemshika mkono na kumrudisha moja kwa moja Vulanga, kijijini kwao juu ya milima ya Upare, kwenye jiko la mafiga, mama akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini asije akawaamsha watoto. Hayo yote aliyajua kwa sababu aliwahi kuyasimulia. Lakini kuyajua si kuyakumbuka. Alijua mama yake aliwahi kuwa na jiko kama alivyojua kwamba jirani aliwahi kuwa na mbwa.

"Na hili nalo limekwenda," alijiambia, akafunika sufuria.

Alijua lilikokwenda. Alilitoa mwenyewe, msimu uliopita wa matamko, mbele ya Sikio.

Sikio lilipowekwa nchini watu walicheza ngoma barabarani. Enzi za nyuma makampuni yalikuwa yanadanganya kwa tarakimu: vitabu vya hesabu viwili viwili, kimoja cha mgeni na kimoja cha mwenyeji. Serikali ikachoka na vitabu, ikavitupa vyote, ikaleta mtambo ambao haukujua hesabu hata kidogo. Ulijua sauti tu. Kila kampuni ilitakiwa kutuma msemaji mmoja, asimame, aeleze kwa kinywa chake ilichochuma na kodi inayodaiwa, na Sikio lisikilize kama moyo wake umetulia juu ya maneno yake. Sauti ikitetemeka, hata kwa kiasi ambacho mke wa mtu asingekisikia, tamko linakataliwa na kampuni inapewa siku nyingine. Watu wakasema sasa mwongo hana pa kujificha. Katika shangwe zile zote hakuna aliyeuliza swali la kitoto kabisa: je, na moyo ukitulia juu ya uongo?

Makampuni yaliuliza. Ndivyo Nakiete alivyopata kazi.

Kampuni ya Ukungu Safi ilikuwa imetandaza nyavu zake mgongoni mwa mlima wote, juu ya Vulanga na vijiji jirani. Nyavu zile zilinywa mawingu kabla hayajashuka, na maji yake yakapelekwa kwa mabomba hadi miji ya tambarare. Sheria ilisema avunaye wingu alipe kodi ya wingu, na kodi hiyo irudi kwa walio chini ya wingu. Nakiete hakuambiwa aseme uongo. Aliambiwa atafute maneno. Naye alikuwa na kipaji, Mungu amsamehe. Ni yeye aliyesema kampuni haivuni, inapumzisha ukungu. Haiuzi maji, inaazimisha umande. Na kitu kilichoazimwa hakijauzwa, na kisichouzwa hakina kodi. Vibarua wa nyavuni akawaita wageni wa mlima, na mgeni halipwi mshahara. Faida iliyopelekwa kufichwa kwenye benki za visiwani, mbali na macho ya serikali, hiyo alisema inapumzika.

Likabaki tatizo la sauti. Kwa hilo kampuni ilikuwa na ushanga.

Ulikuwa mdogo kuliko punje ya ulezi, umepandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio lake la kushoto. Sikio lilipofunguka, ushanga nao uliamka. Msemaji alichagua siku moja njema ya maisha yake, akaiwaza, na ushanga ukaitandika siku hiyo chini ya sauti kama jamvi. Ukisema "umande" huku umelala mgongoni mwa mama yako, sauti haitikisiki. Sikio linasikia amani na linapitisha. Tatizo lilikuwa moja: siku ikishatandikwa haikunjuki tena kama ilivyokuwa. Inafifia, na baada ya muda haipo. Kampuni iliwaambia wasemaji wake wasiwe na hofu, nakala za siku hizo ziko ghalani, na anayestaafu salama anarudishiwa zote.

Nakiete alianza kazi hiyo mumewe Sifaeli alipougua, na hospitali haikutaka kusikia habari ya subira. Siku ya kwanza alitoa siku ya kipaimara. Kisha mvua ya kwanza ya mwaka fulani. Sifaeli alipofariki, alitoa jioni waliyochumbiana, akiwa na hasira nayo, na baadaye akalia kwa sababu hakujua tena analilia nini. Kicheko cha Sifaeli kilikwenda katika tamko lililofuata. Aliambiwa na watu kwamba mumewe alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Aliwaamini.

Sasa ilibaki siku moja tu, na tamko moja tu kabla ya kustaafu.

*

Bwana Kitwana, mkurugenzi wa Ukungu Safi, alimfuata nyumbani Same mjini wakati makande hayajapoa. Alikuwa kijana mwenye adabu sana, wa wale wanaovua viatu mlangoni hata wakiambiwa waviache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umekuta chakula."

"Mama mkwe ananipenda," alisema Kitwana, akacheka, akala vijiko viwili vya heshima. Kisha akafuta mdomo. "Keshokutwa ndiyo keshokutwa, mama. Safari hii wilaya imeanza maneno. Wanasema ndiva za maji zimekauka, wanasema sisi ndio tumekausha. Tamko likipita, yamekwisha. Umebakiza siku ya kutumia?"

"Ninayo moja."

"Nzuri?"

Nakiete aliangalia nje dirishani. "Ndiyo nzuri kuliko zote. Ndiyo maana imebaki."

"Basi tumalizie hiyo, upumzike. Umetusaidia sana. Ukitoka pale tu, unarudishiwa zako zote."

Nakiete akaona afadhali aulize, kwa kuwa mtu akifika mwisho wa safari huanza kuangalia mizigo. "Kitwana, mwanangu. Hizo siku zangu, zipo kweli?"

"Mama, wasiwasi wa nini? Zinapumzika."

Alilisema kwa upole, bila kupepesa macho. Nakiete aliweka kijiko chini. Neno lile lilikuwa lake. Alilitunga mezani pale pale, juu ya kitambaa kile kile cha maua, kwa ajili ya fedha ambazo hazikukusudiwa kurudi.

"Zinapumzika," alirudia.

"Kabisa. Katika mazingira ya uangalizi."

Alimsindikiza mgeni wake mpaka mlangoni, kama inavyopasa. Aliporudi alikaa muda mrefu bila kuosha vyombo. Huenda zipo, aliwaza. Mtu anaweza kusema neno baya juu ya jambo la kweli. Na kama zipo, basi Sifaeli yupo, anacheka, ameshika ukuta. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu afunge macho na kutamka lolote.

*

Wasemaji walikuwa na desturi yao ya kazi, waliyoiita kupasha siku moto. Kabla ya kutandika siku ya mwisho unakwenda mahali ilipotokea, unagusa ukuta, unanusa udongo, ili siku iamke vizuri. Nakiete akapanda gari la kamba la kampuni hadi Vulanga. Lilimpitisha juu ya nyavu. Zilikuwa nyeupe, zimetanda ukingo hadi ukingo, na ukungu ulikuwa unaingia ndani yake kimya kimya na hautoki ng'ambo ya pili.

Alishuka akafuata njia ya zamani mpaka kwenye ndiva. Hapo akasimama.

Ndiva ni bwawa, kwa asiyejua; wazee wa Upare walilichimba kwa mikono, likijaa usiku kutoka kwenye chemchemi na kufunguliwa asubuhi liende mashambani, kila ukoo kwa zamu yake. Ya Vulanga ilikuwa imejaa tope hadi katikati, na tope lenyewe limepasuka kwa ukavu. Magugu yalikuwa yameota mahali ambapo yeye na wenzake walikuwa wanaogelea na kufukuzwa kwa fimbo.

Nasemba, binti wa baba yake mdogo, alimkuta amesimama hapo. Alikuwa amebeba ndoo yenye nembo ya Ukungu Safi.

"Dada Nakiete! Umekuja kutuona au umepotea njia?"

"Nimekuja kutazama ndiva."

"Itazame basi, maana yenyewe haina aibu." Nasemba akatua ndoo. "Tunanunua maji kwenye mashine pale chini. Unaweka kadi, inakushukuru, inakupa. Tukaenda wilayani kuuliza, ile kodi ya wingu ya kukarabati ndiva iko wapi? Wakatuambia hakuna kodi, kwa sababu kampuni haiuzi maji. Inaazimisha umande."

Alilisema neno hilo taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayerudia jina la dawa aliyoandikiwa na daktari. Hakukuwa na kejeli. Ndilo lililomuuma Nakiete zaidi.

"Wewe ndiye msomi wetu, dada, unafanya kazi na wenye maneno. Hebu nieleweshe. Mimi nikiazima chungu kwako, nitakirudisha. Huu umande ulioazimwa Vulanga unarudi lini?"

Nakiete alifungua mdomo. Majibu yalikuwepo, mazuri, yenye ngazi na vyumba. Mengine alikuwa ameyapatia tuzo. Hakutoa hata moja. "Sijui, mdogo wangu," alisema.

"Basi kama hata wewe hujui, mimi nisijilaumu." Nasemba alimshika mkono. "Twende nyumbani. Baragumu la babu bado liko ukutani. Hakuna anayelipuliza, maana utawaita watu waje wazoe nini?"

Pembe ya tandala ilikuwa imening'inia juu ya mlango wa chumba cha mbele, ina vumbi. Nakiete alipoigusa, siku ile iliamka yote kwa pamoja, mpaka akalazimika kukaa kitini. Ilikuwa hai. Ilikuwa na baridi ya alfajiri na harufu ya majani ya migomba. Aliipenda kiasi cha kutaka kuificha ndani ya nguo na kukimbia nayo.

*

Chumba cha Sikio kilikuwa na ukuta mmoja wa shaba uliotobolewa matundu madogo, viti vichache, na meza ya chai. Chai ilikuwa ya mtani.

Hilo lilikuwa wazo la wazee waliotunga sheria. Mashine wameipata, lakini hawakuiamini moja kwa moja, wakachanganya na dawa ya nyumbani: kila msemaji aketi na mtani wake. Mtani, kama kawaida ya watani, ana ruhusa ya kusema lolote msibani na arusini, kumcheka marehemu hata jeneza likiwa wazi, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa sheria ile mtani angeweza kuuliza swali lolote, na msemaji hana budi kujibu pale pale Sikio likisikiliza. Lakini dawa ikizoeleka haiponyi. Miaka ilivyokwenda watani wakawa wanakunywa chai, wanatania kidogo, wanachukua posho na kuondoka.

Mtani wa Nakiete alikuwa Mzee Ndelilio Temba, Mchaga wa Kilema, mfanyabiashara wa kahawa aliyestaafu, mwenye kofia asiyoivua hata kanisani mpaka aombwe.

"Mtani!" alipaza sauti alipomwona. "Bado uko hai? Nimesahau, Mpare hafi kesi ikiwa haijaisha."

"Na Mchaga hafi duka likiwa wazi. Shikamoo, Mzee Temba."

"Marahaba. Umekonda. Au mmeanza kupima hata makande kwa kijiko?"

Nakiete alicheka, na kicheko kilimtoka kweli. Bwana Kitwana alikuwa ameketi nyuma na mikono magotini. Ofisa wa wilaya akabonyeza kitufe, ukuta wa shaba ukavuma kidogo, na nyuma ya sikio lake la kushoto Nakiete akahisi joto lile analolijua. Ushanga umeamka. Kuanzia hapo usingeweza kulala mpaka Sikio lifungwe, na chochote atakachokitandika kitakwenda.

Alikuwa amelifikiria jambo hili njia nzima kutoka Vulanga. Akitamka maneno ya kampuni kwa utulivu, anastaafu, na Sifaeli anarudi, kama yupo. Akitamka ukweli kwa hofu aliyokuwa nayo, sauti itatetemeka, Sikio litakataa, na kampuni itamleta msemaji mwingine, kijana, mwenye siku nyingi za kuchoma. Ukweli nao ulihitaji jamvi. Na yeye alikuwa na jamvi moja. Kwa vyovyote vile siku ya Vulanga isingetoka chumbani humu. Kilichobaki ni kuamua aitandikie nini.

Akafumba macho. "Mimi, Nakiete Mrutu, natamka kwa niaba ya Ukungu Safi. Katika msimu huu kampuni imepumzisha ukungu..."

Alisita. Ukuta ukavuma.

"Subiri kwanza," alisema Mzee Temba, akaweka kikombe chini. "Mtani, kila msimu nakaa hapa nakutazama. Ukianza kutamka unafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Mimi nimekunywa chai ya serikali muda mrefu bila kuifanyia kazi. Leo nina swali. Huwa uko wapi?"

"Hilo halihusiani na tamko," Bwana Kitwana alisema kwa adabu.

"Kijana, mtani hakatazwi. Muulize ofisa."

Ofisa alishtuka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Akatikisa kichwa kukubali. "Msemaji ajibu."

Na Nakiete, ambaye siku zote alikuwa akizitoa siku zake kimya kimya, zikifa bila mtu kujua zilikuwa nini, aliona mlango umefunguliwa. Machozi yalimjia kwa shukrani.

"Niko Vulanga," alisema. "Ni alfajiri. Babu yangu Elieza anapuliza baragumu."

Sauti yake haikutikisika.

"Ni siku ya msaragambo. Kila nyumba inatoka kwenda kuzoa tope kwenye ndiva. Mimi ni mdogo, nimepewa kikapu kilichotoboka, tope linanivujia mgongoni, na nimefurahi mno. Babu ndiye mkubwa wa maji. Mchungaji yupo na kanzu ameikunja kiunoni. Mwalimu yupo. Mama yangu anaimba. Watu wote wanafanana, wana rangi ya tope. Asiyekuja ni Mzee Kirway peke yake, mwenye maduka. Halafu anakuja kijana wake na mtungi wa dengelua, pombe ya miwa, anasema mzee ametuma salamu, anasema yuko pamoja nasi kwa moyo, anasema mchango wake ni wa fikra. Maneno mazuri sana. Watu wengine wanapiga makofi."

Mzee Temba alikuwa ameegemea mbele, chai imesahaulika.

"Babu hapigi makofi. Anakwenda mwenyewe mpaka dukani, ana tope mpaka nyusi, sisi watoto nyuma yake. Anamwambia, 'Kirway, salamu hazizoi tope. Maji unakunywa kwa mdomo, si kwa moyo. Lete mikono.' Na Kirway anakuja. Anavua viatu vyake vya kung'aa, anaviweka juu ya jiwe, anaingia ndani. Mwanzoni amenuna. Jioni anaimba kuliko wote. Babu ananibeba mabegani kurudi nyumbani, na anasema, mjukuu wangu, umeona? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepata maneno tu."

Akavuta pumzi. Siku ile ilikuwa chini yake yote, pana, ina joto, na alijua asingeikanyaga tena. Akasimama juu yake.

"Sasa natamka. Umande ni maji. Kampuni inavuna mawingu ya Vulanga na vijiji vyote vya mgongo ule, na inauza maji yake. Hakuna kilichoazimwa, kwa kuwa hakuna kinachorudi. Wageni wa mlima ni vibarua, na wanastahili mshahara. Faida isiyoonekana haipumziki, imefichwa, na visiwa ilikofichwa nitavitaja. Kodi ya wingu inadaiwa yote. Maneno yote yaliyoificha niliyatunga mimi, na naona aibu."

Ukuta wa shaba ukatoa mlio wake mmoja mzito wa kukubali. Nakiete akataja visiwa, kimoja kimoja, na mlio ukarudi kila mara. Ofisa alikuwa amesimama bila kujua kwa nini.

Sikio lilipofungwa, Nakiete alifumbua macho. Aliona kofia ya Mzee Temba iko mkononi, na mzee analia bila kujificha. Akajaribu kukumbuka alichomwambia kikamliza hivyo. Alikumbuka visiwa. Alikumbuka aibu. Kabla ya hapo palikuwa na weupe, kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya picha. Hata maneno ya kuisimulia siku ile yalikuwa yameungana nayo, yakaondoka pamoja.

Bwana Kitwana alimsogelea. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka kuliko umri wake. "Mama, unaujua mkataba. Ghala lako linafutwa leo."

"Kitwana, mwanangu. Kulikuwa na kitu cha kufuta?"

Kijana alitazama viatu vyake. Akainamisha kichwa, akatoka. Nakiete hakulijua jibu siku ile, na mpaka leo halijui.

*

Kodi ya wingu ilipoanza kufika Vulanga, haikuja na sherehe. Yalikuja mabomba, saruji, na fundi mwenye kelele. Baadhi ya nyavu ziliteremshwa, na ukungu ukaanza tena kushuka hadi kwenye migomba. Lakini tope la ndani ya ndiva watu walikataa lisizolewe na mashine. Nasemba alipangusa vumbi kwenye baragumu, akalipuliza vibaya sana, mbwa wakabweka kijiji kizima, na watu wakatoka majumbani wanacheka.

Nakiete alikuwa amerudi kuishi kwa Nasemba. Asubuhi ile alisimama ukingoni mwa ndiva amekunja kanga, anawatazama watu wakiingia kwenye tope mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na kitu kinamvuta kifuani, utamu wenye maumivu, na hakuwa na picha ya kukibandika. Ilikuwa ni hamu isiyo na anwani. Alijiuliza kama yatima waliofiwa na mama wakiwa na umri wa siku moja wanajisikia hivi.

"Mtani! Wapare mnafanya kazi bure? Leo nimeona muujiza!"

Mzee Temba alikuwa anateremka njia na fimbo yake, suruali ameikunja, miguu myembamba myeupe kwa vumbi. Alikuwa ametoka Kilema alfajiri, bila kualikwa na mtu.

"Nani kakuita, Mchaga wewe? Hapa hakuna duka."

"Nimeitwa na babu yako."

Nakiete akasema taratibu, kwa kuwa haikuwa mara ya kwanza kuomba, na haikumchosha kuomba, "Nisimulie tena, Mzee Temba. Ile ya babu."

"Ile ya Elieza? Mtu mkali yule! Mimi nadhani alikuwa na damu ya Kichaga." Macho ya mzee yaling'aa. "Alfajiri hiyo, baridi, anapuliza baragumu. Wewe una kikapu kilichotoboka, tope linakuvujia mgongoni, na umefurahi kama mwehu..."

"Nilifurahi?"

"Mno. Ulisema 'mno'. Nilikuwepo uliposema." Akasimama, akamtazama kwa huruma ya kweli, isiyo na utani ndani yake. Kisha akainama, akaokota karai lililokuwa miguuni pake, akamsukumia mikononi. "Lakini nitakusimulia humo ndani. Salamu hazizoi tope, mtani. Lete mikono."

Nakiete alilitazama karai. Maneno yale aliyajua kwa kusimuliwa tu, hakuyakumbuka. Lakini miguu yake ilikuwa tayari inavua viatu, na aliviweka juu ya jiwe, na akaingia.